Kiambishi Kilichonishinda Kabla ya Usaili

Mara ya mwisho nilipofanyiwa usaili na binadamu ilikuwa mwaka 2007, na usaili wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko ule nilioutumia kuutafuta mlango wa ofisi. Mzee aliyeketi nyuma ya meza aliitazama barua yangu, akanitazama mimi, akaitazama tena barua kama mtu anayehakiki mzigo na hati yake, kisha akauliza kama ninajua kuhesabu bila kutumia vidole. Nilipojibu kwamba ninajua, aliuliza ninaweza kuanza lini. Nilianza siku iliyofuata nikiwa msaidizi wa mtunza stoo, baadaye nikawa mtunza stoo kamili, na kwa miaka 17 hakutokea binadamu wa kuniuliza tena mimi ni nani, ninataka nini maishani, wala kwa nini ninafaa kuwapo pale nilipo.

Sasa ninaulizwa. Kesho saa tatu asubuhi nitakaa mbele ya jopo la watu watatu, kwa njia ya video, niwaeleze hayo yote, na wiki hizi mbili za kujiandaa zimenichosha kuliko miaka yote 17 ya kupanga maboksi.

Nieleze kwanza nilivyofika hapa. Stoo yoyote inayojiheshimu hufuata kanuni kwamba mzigo uliotangulia kuingia ndio utakaotangulia kutoka, ili usije ukaharibikia kwenye rafu. Kanuni hiyo niliwafundisha vijana wengi, nikaiandika kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani, na nadhani ndipo wakubwa walipoisoma, kwa sababu kampuni ilipoamua kupunguza wafanyakazi, tuliotangulia kuingia ndio tuliotangulia kutoka. Tulikuwa watu 11. Sikuwa na pa kulalamikia, maana bango lilikuwa na mwandiko wangu.

Binti yangu mkubwa, Neema, aliyesomea mambo ya rasilimali watu, alijiteua kuwa mwalimu wangu bila kunifanyia usaili wowote. Nilimkabidhi wasifu wangu wa zamani, ambao ulikuwa na namba ya simu iliyokwisha kufungwa, anwani ya barua pepe niliyoifungua nikiwa kijana na ambayo sitaitaja hapa kwa kuwa ina neno "mfalme" ndani yake, pamoja na mstari unaotangaza kwa fahari kwamba ninaweza kutumia mashine ya faksi. Neema aliusoma kimya hadi mwisho, kisha akaniuliza, kwa ule upole ambao madaktari huutumia wanapokuwa na majibu mabaya, kama nina nakala nyingine.

Kumbe siku hizi maombi ya kazi mara nyingi hupitishwa kwanza kwenye programu ya kompyuta inayotafuta maneno yaliyomo kwenye tangazo, na isipoyaona huyasukuma maombi yako chini ya rundo kabla ya macho ya mtu kuyafikia. Tangazo lilisema wanamtafuta mtu mwenye uzoefu wa "usimamizi wa mnyororo wa ugavi." Mimi nilikuwa nimeandika "kutunza stoo." Neema akafuta, akaandika upya, na nilipousoma ule wasifu nilimwonea wivu mtu aliyemo. Pale nilipokuwa nikimkaripia dereva aliyechelewa, nilikuwa ninaratibu wadau; na ile siku niliyomfukuza paka stoo, nilikuwa ninadhibiti vihatarishi.

Nilipolalamika kwamba huu ni uongo, alinisimulia habari za Leonardo da Vinci, yule mchoraji mashuhuri wa Kiitaliano, ambaye yapata mwaka 1482 alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, barua ya kujieleza ambayo watu wengi huihesabu kuwa miongoni mwa wasifu za kale kabisa. Alijua kwamba mtawala yule alitaka silaha, kwa hiyo akaorodhesha madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita yenye ngao, na uchoraji akautaja mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kwamba pia anajua kupiga pasi. Nilikubali kwamba ni mfano mzuri. Ila nilimkumbusha Neema kwamba Leonardo hakutakiwa kueleza alikuwa wapi na alifanya nini kati ya Mei na Septemba.

Mambo yalikuwa magumu zaidi tulipofika kwenye kusema. Wasaili wengi hupenda jibu lenye sehemu nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, na matokeo yakawaje. Neema akaniomba nimsimulie tatizo nililowahi kulitatua, nami nikamchagulia la mwaka ambao leja na mali iliyokuwa kwenye rafu zilipishana kwa maboksi 40. "Tulikesha usiku kucha," nikamwambia, "tukapekua hati zote za kupokelea mizigo, tukagundua kwamba shehena moja iliandikwa mara mbili."

Neema akainua mkono. "Ninyi na nani, Baba?"

Nikamtajia dereva, karani wa mapokezi, na mlinzi aliyetushikia tochi umeme ulipokatika.

"Hao hawajaomba kazi hii. Nani hasa aliyeiona ile shehena iliyoandikwa mara mbili?"

"Ni mimi."

"Basi sema niligundua."

Ninakiri kwamba kiambishi kile cha "ni-," chenye herufi mbili tu, kilinikwama kooni kama mwiba. Lugha yetu ina fadhila ya kumsitiri mtu ndani ya "tu-." Ukikosea, tulikosea, na lawama inagawanywa hadi haimuumizi mtu, ukifaulu, tulifaulu, na hakuna anayekuonea kijicho. Mimi nimelelewa na wazee waliosema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, wakatufundisha kumtilia shaka kila anayejisifu, na leo, nikiwa na mvi, ninaambiwa nijitembeze mbele ya watu watatu nisiowajua, tena kwa sehemu nne. Hakuna aliyewaonya wale wazee kwamba siku itafika ambapo kizuri kitakaa kwenye rafu hadi kishikwe na vumbi kwa kukosa maneno yaliyomo kwenye tangazo.

Neema hakutaka falsafa. Alichukua karatasi, akasema kila "tu-" isiyo na sababu itapata mstari mmoja, na akawa anachora mistari minne na kuikata kwa wa tano, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo. Jioni ya kwanza nilipata mistari 34. Jioni ya pili ilikuwa 29, maendeleo ambayo kwa mtu wa stoo si haba, ingawa nilipata minne ya ziada kwa kusema "tumeboresha."

Wadhamini nao walikuwa na kisa chao. Fomu ilitaka watatu wanaonifahamu kikazi. Wa kwanza amekwisha kutangulia mbele za haki, Mungu amrehemu, na nisingependa apigiwe simu. Wa pili alikubali kwa furaha, akaniuliza jina langu linavyoandikwa. Wa tatu alikuwa msimamizi wangu kwa miaka mingi, naye alinisikiliza kwa makini, akasema atanisifia bila kubakiza, kisha akashusha sauti na kuuliza kama pale ninapoomba hakuna nafasi ya pili, kwa sababu naye alikuwa miongoni mwa wale 11.

Kuhusu koti sitasema mengi, kwa kuwa koti halina kosa lolote; limebaki na vipimo vyake vya mwaka 2007, na aliyevunja makubaliano ni mimi. Lakini viatu vilinidhalilisha. Nilikuwa na jozi moja nyeusi niliyoihifadhi ndani ya boksi lake kwa miaka mingi, nikiivaa kwa nadra ili isichakae, na nilipoivaa kwa majaribio nikatembea sebuleni, nilisikia kitu kinapondeka kila ninapokanyaga. Nilipogeuka nyuma, niliona nimeacha njia ya makombo meusi kutoka chumbani hadi kwenye kochi. Soli za aina ile, zinazotengenezwa kwa poliurethani, ambayo ni aina ya plastiki, huharibiwa polepole na unyevu wa hewa hata kama hazikanyagwi, na pengine kwa kuwa hazikanyagwi ndiyo maana huonekana nzima hadi siku ya hukumu. Mke wangu alikuja na ufagio. "Baba Neema," akasema, "mtunza stoo mzima umeshindwa kutunza jozi moja?" Nilitaka kujibu kwamba tulishindwa, lakini mwenye karatasi alikuwa amekaa hapo hapo.

Kuna mshauri mmoja wa kwenye video aliyenipa matumaini kwa siku mbili. Alisema utafiti umethibitisha kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38, na mwili asilimia 55. Niliyafunga madaftari yote. Kama ni hivyo, nilimwambia Neema, nitakaa wima, nitatabasamu, na hizo asilimia 7 tutawaachia jopo kama zawadi. Neema akaenda kuchimba, akarudi na habari kwamba hesabu hizo zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambayo yalihusu jinsi mtu anavyozipima hisia za msemaji pale maneno yanapopingana na sauti au uso, na kwamba Mehrabian mwenyewe alikwisha kueleza kuwa hazihusu mazungumzo yote. Nikafungua tena madaftari, na mstari mmoja nikauongezewa kwa ajili ya "tutawaachia."

Kabla ya jopo hili la kesho, nilikwisha kujaribu kwingine, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, nayo huhoji bila mtu. Unakaa mbele ya kamera, swali linajitokeza kwa maandishi, unapewa sekunde 30 za kufikiri na dakika mbili za kujibu, kisha mashine inazima. Nilianza kama anavyoanza mtu yeyote mwenye adabu. Nikasema, "Habari za asubuhi," nikangoja. Kimya. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikaongeza kuuliza habari za kazi. Saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma wakati mimi ninangoja kuambiwa nzuri, na nilipotanabahi kwamba ndani ya mashine ile hamna mtu wa kuitika, nilikuwa nimebakiwa na muda wa kutaja jina langu na nusu ya jina la baba yangu. Hawajanijibu hadi leo, na kwa kuwa hawakujibu hata salamu, sikuwa na sababu ya kushangaa.

Yapo pia yale maswali mawili ya kudumu. La udhaifu wangu lina majibu yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Kusema unapenda ukamilifu kupita kiasi kulikuwa kunaruhusiwa hadi kila mtu alipokusema, na kusema kwamba ninaweza kuweka kinyongo mwaka mzima juu ya kalamu isiyorudishwa hakujawahi kuruhusiwa. La nitakuwa wapi baada ya miaka mitano sitalizungumzia kabla sijajua nitakuwa wapi Jumatatu.

Jioni hii tumefanya zoezi la mwisho. Neema alikuwa mwenyekiti wa jopo, mama yake mjumbe, na nafasi ya tatu ikapewa Baraka, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye aliichukua kazi hiyo kwa uzito kuliko wote na kukataa kutabasamu. Nilikuwa ninaendelea vizuri kupita nilivyotarajia. Niligundua, nilipanga, nilihakiki, nilipunguza upotevu. Karatasi ilikuwa na mistari sita tu. Neema akauliza kama wajumbe wana swali la ziada, na Baraka, bila kushauriana na mwenyekiti wake, akaniuliza, "Kwa nini walikufukuza?"

Swali hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Nilikaa nalo kwa muda unaozidi sekunde 30.

"Hawakunifukuza," nikamjibu. "Walitupunguza. Tulikuwa watu 11, na tulifanya kazi yetu vizuri."

Baraka alimgeukia dada yake papo hapo. "Amesema tuli-. Amesema mara mbili!"

Neema aliishika kalamu, akaitazama karatasi, kisha akaiweka kalamu mezani na kumwambia mdogo wake kwamba hizo hazihesabiwi. Mama yao akasema jopo limefungwa na watu wakalale. Akanikumbusha kwamba kamera haioni miguu, kwa hiyo naweza kuvaa ndala. Nimemwambia kwamba nitavaa viatu, na sasa ninakwenda kuangalia kama gundi imekauka.