Sauti ya Darini

Leo nimekatazwa kujikuna saa za kazi. Si utani. Mgongo uliniwasha, nikanyoosha mkono nyuma, na kabla ukucha haujafika nikasikia kutoka darini: "Huo mkono rudisha kaunta!"

Bosi kafunga kamera dukani, zile zenye spika. Yeye yuko kwake, miguu juu ya meza, ananitazama kwenye simu kama anaangalia tamthilia. Mimi mtu mzima, baba wa watoto watatu, mweka hazina wa kamati ya mazishi mtaani kwetu, naulizwa mbele ya wateja mbona nimekaa. Nikisimama, mbona nimesimama tu. Asubuhi ananipigia nikiwa kwenye daladala: umefika wapi? Tazara. Mpe simu konda. Nikampa. Konda akamwambia, mzee, njoo upande na wewe uone.

Nimehangaika kumtafutia jina. Mtaani tunasema mnoko, lakini siku hizi mnoko ni hata mlinzi anayekuzuia geti ulilopita jana, neno limechakaa. Kiranja? Kiranja wetu wa darasa la tano aliandika wapiga kelele, ila ukimpa kipande cha muhogo anakufuta. Bosi wangu hali muhogo. Nikafikiria mnyapara, nikaona namwonea mnyapara. Wale wanyapara wa misafara ya Wanyamwezi, Tabora mpaka Bagamoyo, walikuwa wakali, sawa, lakini jua lililompiga mpagazi liliwapiga na wao. Wangu ana feni.

Ya Jumanne ndiyo iliyonimaliza. Kaingia bibi mmoja na baibui lake, anataka misumari ya bati, kilo moja. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Dukani tuko wawili tu, kuli wetu yuko nje anapanga nondo. Naweka misumari kwenye mizani, mshale unaikaribia kilo, dari likasema:

"Punguza miwili."

Bibi akatazama juu. Akanitazama mimi.

"Umesema nini mwanangu?"

"Sijasema kitu, bibi." Nikapunguza miwili.

"Na mmoja tena."

"Audhubillahi!" Bibi kashika kifua. Nikataka kumweleza kuwa huyo ni bosi tu, ndiyo kwanza nafungua mdomo, dari likanikata: "Usipige stori na wateja!" Nikafunga mdomo. Sasa mtazame bibi wa watu anachokiona: jini linaamuru, muuza duka anatii. Akaanza Ayatul Kursi, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshawahi kufanya kazi hii. Spika ile kusikia kwake ni kwa shida, bosi akadhani bibi analilia bei. "Mwambie haipungui!" Bibi akapandisha sauti. "Hata akilia haipungui!" Bibi akamaliza, akapuliza kulia, akapuliza kushoto, akanipuliza na mimi usoni. Na umeme ukakatika.

Kimya. Kamera imezima. Feni inamalizia mizunguko yake.

"Limetoka," akasema bibi, akarekebisha ushungi. Misumari hakuchukua. Akaniusia duka lifukizwe ubani kwanza, ndipo atarudi.

Luku ilikuwa imeisha. Nilimwambia tangu Jumamosi iongezwe, akaniambia nijifunze matumizi mazuri ya umeme. Simu yangu ikaita: yule mama kalipa? Hajalipa, bosi. Faida ya kilo ile kaikata kwenye mshahara wangu. Faida! Ya misumari ambayo mpaka sasa iko hapa kwenye mizani, imepungua mitatu!

Wamatumbi mwaka 1905 walipochoshwa na pamba ya kulimishwa na maakida, walianza kwa kuing'oa. Mimi nitang'oa nini? Kamera iko juu, na ngazi ya mwisho nimeiuza mwenyewe juzi, kwa bei aliyoipanga yeye, nikiambiwa kila baada ya sekunde namna ya kuifunga kamba.

Kimebaki kitu kimoja cha kunipa pumzi. Nyuma ya tangi la lita 1,000 pana kama hatua mbili ambazo kamera haizifikii. Huko ndiko ninakokunia mgongo, huko ndiko ninakopigia miayo. Nilipagundua mwenyewe, kwa utafiti wa wiki nzima. Leo naenda huko na mwasho wangu, namkuta kuli kakaa juu ya ndoo ya rangi, anakula kashata. Nikamwambia mahali hapa pana utaratibu. Dakika tano kila mtu, anayeingia aage, anayetoka aseme, na chenga za kashata zisionekane sakafuni.

Kijana ni wa Pemba. Akatafuna kwanza, akameza.

"Babu alikuwa akitusimulia," akasema. "Zamani za utumwa, kwenye mikarafuu, palikuwa na msimamizi. Chini yake nokoa. Chini ya nokoa kadamu. Sasa msimamizi tunaye, yuko kwenye simu. Wewe kaka, hapo kati, ndiyo nani?"

Nikamwambia katika zile dakika tano zimebaki tatu.