Malezi si kazi ya mama peke yake

Makala yenu inasema kwamba akina baba wengi wa Nairobi wamewaachia wake zao kazi ya malezi, nami, nikiwa baba wa watoto wawili mtaani Umoja, nakiri kwamba ni kweli kwa sehemu kubwa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu na baba majuma mawili tu, na hapo ndipo mazoea huanza, kwa sababu anayebaki nyumbani ndiye anayejifunza kutofautisha kilio cha njaa na cha usingizi.

Nililitambua hili mke wangu alipohamishiwa zamu ya usiku. Asubuhi ya kwanza nilisimama na kitana mkononi nyuma ya binti yetu wa miaka sita, nisijue nianzie wapi, naye akanielekeza kwa subira jinsi ya kugawa nywele kabla ya kusuka, huku basi la shule likipiga honi langoni. Sasa ninamsuka mwenyewe. (Mama yangu mzazi bado hapendi kuniona jikoni, wala simlaumu.) Kinachonitatiza ni jioni: msongamano wa Barabara ya Jogoo hunifikisha nyumbani saa mbili unusu, yule mdogo akiwa amekwisha kulala, na waajiri wanaokubali baba atoke kazini mapema kidogo ni wachache mno.