Kipimo cha CMV kwa mjamzito: karatasi ya majibu inasema nini

Mjamzito analipia kipimo cha TORCH (kifurushi cha vipimo vya maambukizi yanayoweza kumfikia mtoto tumboni, CMV ikiwamo) maabara binafsi na kurudi nyumbani na karatasi: CMV (kirusi cha cytomegalovirus) IgG pozitivu, IgM negativu. IgG na IgM ni kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi. Wengi huingiwa na hofu hapo hapo. Kumbe kwa Afrika Mashariki jibu hilo ndilo la kawaida, kwani karibu kila mwanamke mtu mzima ameshapata kirusi hiki, mara nyingi tangu utotoni. IgG inasema aliwahi kuambukizwa, basi. Hata namba yake ikiwa kubwa, haisemi lini.

Utata huanza IgM ikiwa pozitivu. Kingamwili hii yaweza kukaa kwenye damu miezi mingi, pengine kupita mwaka, na kirusi cha Epstein-Barr chaweza kuleta pozitivu ya uongo. Kumpa mama jibu hilo peke yake ni kumtesa bure. Linahitaji kipimo cha aviditi, yaani nguvu ya IgG kukishika kirusi. Ikiwa kubwa, maambukizi yana zaidi ya miezi 3 hivi. Ikiwa ndogo, huenda ni mapya. Damu itolewe mapema, kabla ya wiki ya 12 hadi 14: aviditi kubwa ya wiki ya 26 haiondoi maambukizi ya wiki ya 8.

Wanaotaka wajawazito wote wapimwe wana hoja nzito. Jaribio la Israel lililochapishwa 2020 lilihusu wanawake 90 walioambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kutunga mimba au katika miezi 3 ya mwanzo. Waliopewa valaciclovir, dawa ya kupambana na virusi, gramu 8 kwa siku, 11% waliambukiza mtoto. Wa plasebo (dawa bandia), 30%. Ni vidonge 16 vya mg 500 kila siku, na figo zifuatiliwe.

Lakini dawa hiyo ilijaribiwa kwa maambukizi ya kwanza. Kwetu, watoto wengi wanaozaliwa na CMV ni wa akina mama waliokuwa na IgG tayari: kirusi kimeamka, au wamepata aina nyingine. Hatari kwa kila mimba ni ndogo, takriban 1%, ila wanawake hao ndio karibu wote, na kipimo cha kingamwili hakiwezi kuonyesha ni nani kati yao ataambukiza mtoto.

Serolojia, yaani vipimo vya kingamwili, ina kazi pale mimba changa inapoandamana na homa isiyoeleweka na tezi kuvimba, au ultrasaundi inapoonyesha ventrikali za ubongo (vyumba vyake vya maji) zimetanuka. Kama damu ya hudhurio la kwanza iligandishwa, ipimwe pamoja na mpya, mashine moja, siku moja. IgG iliyotoka negativu kwenda pozitivu ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote. PCR (kipimo kinachosaka vinasaba vya kirusi chenyewe) ya maji ya uzazi hungoja wiki ya 20 hivi, na wiki 8 tangu maambukizi. Ukiwahi, virusi vinaweza kuwa bado havijatoka na mkojo wa mtoto kuingia kwenye maji hayo.

Kunawa mikono baada ya kubadilisha nepi na kutochangia kijiko na mtoto mdogo hakuhitaji kipimo chochote.

Fedha za TORCH ya kila mjamzito ningezihamishia kwa kichanga: PCR ya mate au mkojo ndani ya siku 21. Zikipita, huwezi kujua kama kirusi kilimpata tumboni au kwenye maziwa ya mama. Pamba ipitishwe ndani ya shavu angalau saa moja baada ya kunyonya, na mate yakiwa pozitivu mkojo uthibitishe. Akithibitika, masikio yapimwe tena na tena, hata kama alisikia vizuri siku ya kwanza, kwa sababu uziwi wa CMV huweza kuja miezi au miaka baadaye.