Kupima afya kwa mama lishe: miezi 6 au mwaka?

Kwa mama lishe wa soko la Mwaloni, Kirumba, mkoani Mwanza, kupima afya kunamgharimu mara mbili: ada, na asubuhi nzima bila mauzo. Utaratibu wetu unamtaka anayeandaa chakula cha kuuza apimwe kila baada ya miezi 6. Muda huo ukisogezwa uwe mwaka, nani atapata hasara?

Tuseme ada ni shilingi 10,000. Kibanda chenye watu 4 sasa kingelipa 80,000 kwa mwaka. Kingebaki kulipa 40,000. Unafuu huo mama lishe atauona waziwazi. Kwa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, haraka haraka inaonekana nusu ya mapato imepotea. Mimi sikubali hesabu hiyo. Wahudumu wa vibanda hawakai. Leo yuko Kirumba, baada ya miezi mitatu yuko Igoma, na kila mgeni lazima apimwe upya vyovyote iwavyo. Halafu kipimo chenyewe kinakula fedha: vifaa vya kuchunguza choo, muda wa mtaalamu wa maabara, foleni inayomchelewesha mgonjwa wa kweli. Mapato yakipungua, matumizi nayo yanapungua.

Wanaotetea miezi 6 wana hoja nzito. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika hadi huku Kanda ya Ziwa, na kambi moja ya wagonjwa, pamoja na dripu na klorini yake, humeza fedha nyingi kuliko ada za vibanda vingi. Isitoshe, kwa wengi siku ya kupima ndiyo siku pekee wanayokutana na bwana afya.

Ila kipimo chenyewe kina udhaifu. Mbeba vimelea vya taifodi, yaani mtu mwenye vimelea bila kuumwa, hatoi vimelea kila siku, kwa hiyo choo cha leo kinaweza kuonekana safi. Aliyepimwa Jumatatu anaweza kuambukizwa Ijumaa. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishaeleza kwamba kuwapima wahudumu wa chakula mara kwa mara hakuna tija inayolingana na gharama.

Kinachoniuma zaidi ni mhudumu wa kutwa. Akiharisha na kusema, anarudi nyumbani bila ujira. Kwa hiyo ananyamaza na kuendelea kupakua wali na sato. Cheti cha miezi 6 hakimsaidii yeye wala mteja wake. Anayeweza kumsaidia ni bwana afya anayepita bila taarifa, anayekagua ndoo ya kunawia na sabuni, na kumweleza mwenye kibanda kwa nini mgonjwa apumzishwe akiwa analipwa.

Kwa hiyo naunga mkono mwaka mmoja, iwapo muda na fedha zitakazookolewa zitaingia kwenye ukaguzi huo. Kama vipimo vitapunguzwa na bwana afya abaki ofisini kwa kukosa mafuta ya pikipiki, ni heri tubaki na miezi 6.