Kiingilio Kopo Moja la Korosho

Bendi ndogo ya dansi haina kalenda ya Januari mpaka Desemba. Ina kalenda ya mavuno. Pamba ikiuzwa Simiyu, sisi tuko Temeke tunaisikia harufu ya pesa. Tumbaku ikilipwa Urambo, kiongozi wetu anaweka vocha kwenye simu. Mpunga ukivunwa Ifakara, gitaa zinafungwa nyuzi mpya kwa mkopo. Lakini msimu wenyewe, ule ambao mwanamuziki anaanza kuukopea tangu Julai, ni korosho. Kuanzia Oktoba Kusini kunachangamka, na mkulima wa korosho akishalipwa hana mkono wa birika.

Wenzetu wa zamani hawakuhangaika hivi. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, na wapigaji wanapokea mshahara mwisho wa mwezi. Sisi tuko chini ya kiongozi wetu, kiongozi yuko chini ya mkewe, na mkewe ana banda la chipsi. Spika ikiungua, inatengenezwa na viazi. Jina la bendi sitalitaja, maana wanaotudai wanajua kusoma.

Msimu wa 2018 akatupigia promota mmoja. Kazi ipo, kijiji kikubwa, katikati ya Tandahimba na Newala. Nauli anatuma leo, kilichobaki tutakipata getini. Alikuwa na ile sauti ya kukohoa kidogo kabla ya kutaja hela, sauti ya mtu aliyeshiba. Kiongozi akaweka simu kwenye spika ya nje wote tusikie, na wote tukasikia tulichotaka kusikia.

Habari iliyokuwa ikisemwa na kila redio nchini ilikuwa nyingine. Mwezi wa kumi wakulima walikuwa wamezikataa bei za mnadani, zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Novemba Serikali ikatangaza kwamba itazinunua korosho yenyewe kwa 3,300, malori ya jeshi yakateremka Kusini kuzibeba, na mkulima akaambiwa asubiri uhakiki ndipo alipwe. Na ole wake atakayekutwa akinunua korosho kwa kangomba, yaani kwa kopo uani kwa mtu badala ya kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika. Kwa hiyo wakati sisi tunafunga safari, kule tunakokwenda kulikuwa na korosho mpaka chini ya vitanda, na hela hakuna. Ila ndani ya bendi redio haisikilizwi. Kila mtu anajisikiliza mwenyewe.

Tulikodi Costa. Kwenye Costa ya bendi vyombo ndivyo abiria, binadamu anaingizwa penye nafasi. Spika kubwa mbili zilikaa dirishani zikitazama mandhari. Mimi, mpiga besi, nilikalia amplifaya kuanzia Mbagala mpaka Mtwara, na kila tuta lilinipigia noti yake. Tulipofika Somanga tukashuka kunyoosha miguu, samaki wa kukaanga wananukia barabara nzima. Kiongozi akatangaza kwamba posho ya chakula itatolewa "mbele". Mpiga drum akanunua changu wake kimyakimya na kwenda kumlia nyuma ya tumba, halafu akala kiapo kwamba ile harufu tumeibeba tangu Somanga kwenye nguo. Mifupa tuliikuta Lindi.

Kutoka Mtwara kupanda Nanyamba wakati ule ilikuwa ni vumbi. Sisemi kulikuwa na vumbi barabarani, nasema barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa hilo vumbi. Wanenguaji wetu wawili walipanda wakiwa na nywele nyeusi na wakashuka nazo zikiwa nyekundu. Na kule juu ya uwanda wa Makonde maji si ya kuchezea, ndoo ya kuoga ina bei yake, basi wekundu ule tulipanda nao jukwaani, na watazamaji wakausifu.

Kabla hatujaingia kijijini tulipishana na pikipiki ya matangazo ina spika mgongoni: "Leo leo leo! Moja kwa moja kutoka Kinshasa!"

Nikamwambia mpiga solo, "Kumbe kuna bendi nyingine leo."

"Itatuua," akasema.

Bendi nyingine hatukuiona. Tulichokiona ni promota akifunga bango kubwa ubavuni mwa Costa yetu, na juu ya bango wanaume sita waliovaa miwani ya jua, hakuna tunayemfahamu hata mmoja. Kiongozi akamvuta pembeni. Promota hakubabaika.

"Kaka, mimi nakuheshimu. Lakini bendi ya Temeke, nani atatoa elfu tano?"

Hoja hiyo hatukupata wa kuijibu.

Basi ikabidi mtu awe Mkongo. Zamu ikamwangukia mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, ambaye ni Mnyaturu wa Singida na safari yake ndefu kuelekea magharibi iliishia Tabora kwenye msiba. Alikuwa anajua "mbote", "malamu" na "bolingo". Akaambiwa maneno yakiisha ataje miji.

Jioni uwanja ukazungushiwa maturubai, jenereta ikawashwa, promota akakaa getini na daftari. Watu wakaja wengi sana, tena wamevaa wakapendeza. Wakasimama nje. Hakuna aliyeingia. Sisi ndani tunapiga ala tupu kuwavuta, wao nje wanacheza hizo hizo ala tupu bila kutoa senti. Mzee mmoja akamfuata kiongozi kwa adabu zote.

"Mwanangu, hela zetu ziko kwenye uhakiki. Lakini sisi si watu wa kuingia bure."

Akafungua mfuko wa rambo. Korosho, na maganda yake.

Kiongozi wetu ana kipaji kimoja ambacho si muziki: anapiga hesabu haraka na kwa makosa. Akatazama zile korosho, akazidisha kwa 3,300, akaona nyumba ya ghorofa. Likatafutwa kopo la rangi. Kiingilio: kopo moja. Mwenye mke na watoto, mazungumzo. Ndani ya nusu saa uwanja ulijaa na nyuma ya promota pakawa na kilima.

Tatizo la uchumi wa namna hiyo ni kwamba hauishii getini. Katika dansi mtu akikolea anapanda kutunza, noti inabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho na inashika. Korosho haishiki. Wakaanza kututia mifukoni. Mpaka wimbo wa tatu suruali yangu ilikuwa inateremka kwa uzito, na mkono wa kuipandisha ndio huo unaoshika shingo ya besi. Mama mmoja aliyevaa doti mpya ya kitenge alipanda kumtunza mpuliza saksafoni, akakuta koti lake halina mifuko. Hakukata tamaa. Saksafoni yenyewe ilikuwa inamtazama, mdomo wazi, na mama akamimina konzi yake humo katikati ya solo. Sauti iliyotoka baada ya hapo sijawahi kuisikia tena. Watu walishangilia, wakidhani ndivyo wanavyofanya Kinshasa.

Mkongo wetu alikuwa akienda vizuri. Maneno yake yalikuwa yameisha, yuko Lubumbashi, Kananga, Kisangani, uwanja unaitikia. Akarudi nyuma kupumzika wakati wa sebene. Sasa kwao Singida ni nchi ya alizeti, na mtoto wa Singida akipewa kitu chenye ganda anakitia menoni, anabana, anatema. Akachukua korosho moja mfukoni, akaibana.

Wa pwani ananielewa. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana huko hazimenywi mpaka zipitie moto. Dakika chache baadaye midomo ya kaka yetu ilikuwa imetangulia mbele yake. Juu haikutani na chini. Akarudi kwenye maikrofoni akaimba hivyo hivyo, vokali tupu, na nikamsikia kijana mmoja pale mbele akimweleza mwenzake: "Hiki sasa ndicho Kilingala chenyewe."

Kulipokucha promota alikuwa ameshaondoka. Alichagua sehemu yake usiku, zile kubwa na kavu, akapakia pikipiki ya matangazo na kutuachia vumbi na salamu. Mwenye gesti tukamwendea na kopo letu. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Korosho? Hata mimi ninazo, tena ninasubiri uhakiki."

Malipo yake yalitumwa kwa simu na mke wa mpiga drum, kutoka kwenye ada ya mtoto, na maneno yaliyoambatana na hela hizo yalisomwa na mwenye simu peke yake, amegeukia ukutani.

Kuhusu jinsi korosho zilivyoingia kwenye vyombo, mpaka leo kuna maelezo mawili. Ya kwanza ni kwamba magunia hayakupatikana. Ya pili sitaki kuyaandika. Ila zilimiminwa kwenye drum la besi kupitia lile tundu la maikrofoni, zikajazwa kwenye tumba mbili na kufungwa kanga chini, na zilizobaki zikaingia kwenye maboksi ya spika. Costa ikaondoka imekaa kitako.

Kizuizini tulisimamishwa kama magari mengine yote. Afande alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye daftari. Akaizunguka gari, akasimama mbele ya bango ambalo hakuna aliyekumbuka kulifungua. Akalisoma taratibu: Kinshasa.

"Karibuni Tanzania," akasema. "Pasipoti."

Tukaongea wote kwa pamoja. Akanyoosha kidole kwa yule aliyevaa shati la kung'aa, ambaye ni mwimbaji.

"Wewe. Unatoka wapi?"

"Nini Ntanzania, afande!"

"Nini?"

"Nini! Nini nzaliwa wa Singida!"

"Nakuuliza mimi, na wewe unaniuliza nini?"

"Siyo nini, afande. Nini! Nini hafa!" Akawa anajipiga kifuani.

Afande akaandika kitu kirefu kwenye daftari. Akamwita mwenzake, kijana, wakasema tushushe mizigo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu drum la besi lilishushwa na wanaume wanne wanaohema.

"Hiyo ni nini?"

"Ngoma, afande."

"Ngoma inabebwa na wanne?"

"Ni ya zamani," kiongozi akasema. "Ya mbao ngumu."

"Ipige."

Mpiga drum akakaa. Nimemjua miaka mingi, ni mtu anayepiga mpaka mlinzi wa jirani anaamka. Akakanyaga pedali. *Pu.* Kama mtu amekalia mto. Afande akainamisha sikio. Akasema, tena. *Pu.* Akasema tumba nazo zipigwe. Mpiga tumba, jasho linamtoka, akapiga kofi la nguvu kuonyesha uzalendo, kanga ya chini ikafunguka, na korosho zikashuka lami nzima zikibingirika hadi miguuni kwa yule kijana.

Kimya kilikuwa kirefu. Mpuliza saksafoni akaona bora awahi, akainua chombo chake ili apige chochote kuthibitisha kwamba sisi ni wanamuziki. Akavuta pumzi, akapuliza. Korosho moja iliyokuwa imebaki tangu jana ikaruka na kumgonga afande kwenye kitufe cha shati.

"Wakongo," afande akasema polepole, "wanaofanya kangomba."

Ilichukua sehemu kubwa ya siku. Vitambulisho vikatolewa, kadi za kupigia kura, mnenguaji mmoja akatoa kadi ya kliniki ya mtoto. Akapigiwa simu mwenyekiti wa kijiji, naye akathibitisha kwamba tulipiga muziki, na kwamba wa Kilingala alikuwa mzuri sana. Kiongozi akaeleza habari ya kopo la rangi mara nyingi, na kila akieleza lilizidi kuwa dogo. Mwisho korosho zote zikatolewa kwenye vyombo, zikapelekwa ghala la chama cha msingi na kuandikishwa kwa jina la kijiji, na sisi tukaambiwa tushukuru. Tukashukuru. Mpiga tumba alishukuru kwa magoti.

Tukiwa tunapakia, drum limerudi kwenye uzito wake na linainuliwa kwa mkono mmoja, afande akaomba lipigwe tena alisikie. Likapigwa. *Dum.* Mpiga solo akaingia kidogo kwenye gitaa kavu, mimi nikamfuata kwa mdomo. Kile kichwa cha afande kikaanza kuitika chenyewe. Akamvuta kiongozi kando ya Costa, lakini mimi nilikuwa upande wa pili nafunga spika na nilisikia yote.

"Binti yangu anaolewa mwezi wa pili, Masasi. Bei yenu?"

Kiongozi akataja.

"Hakuna shida. Na mimi nina kishamba changu cha mikorosho. Nitawalipa uhakiki ukikamilika."

Nilitoa kichwa kwenye spika nimkonyeze kiongozi. Alikuwa ameshafungua shajara, anatafuta kalamu.

"Huyu aliyevimba midomo," afande akaongeza, "hakikisha anakuja. Na aimbe hivyo hivyo."