Ramani za Panya Zisizo na Panya wa Arua

Siku hizi wataalamu wanachora kwenye kompyuta ramani za wanyama wageni. Wanakusanya kila mahali ambapo mnyama fulani ameonekana duniani, wanaangalia joto na mvua za mahali hapo, kisha kompyuta inatafuta kwingineko kwenye joto na mvua za namna hiyo. Ukiiongezea makadirio ya tabianchi ya mwaka 2050 au 2070, inakuonyesha mnyama huyo ataweza kuishi wapi wakati huo. Naziheshimu kazi hizi na ninataka Uganda izitumie. Ila ramani nyingi za aina hii zinategemea kumbukumbu za Ulaya, Marekani na Australia, ambako kila panya aliyenaswa ameandikwa kwenye daftari la mtu. Panya wengi wa Zombo au wa Koboko, wilaya zetu za West Nile kaskazini magharibi mwa Uganda, hawajaandikwa popote, na kompyuta ikikuta kimya inaweza kukisoma kama hayupo.

Wapo wanaosema tabianchi haina nguvu juu ya mamalia, kwa kuwa mamalia anajitengenezea joto lake mwilini. Sikubaliani nao. Chukua koipu, panya mkubwa wa majini kutoka Amerika Kusini. Uingereza walimpeleka mwaka 1929 kwa ajili ya manyoya, akatoroka, akaenea kwenye mabwawa na mito ya mashariki ya nchi. Majira ya baridi kali ya 1962 hadi 1963 yaliwaua wengi mno, kisha serikali ikawawinda kwa mpango maalumu hadi wakatoweka mwaka 1989. Kumbe baridi iliwasaidia Waingereza. Jirani zetu wa Kenya nao waliletewa mnyama huyohuyo kwa biashara ya manyoya miaka ya 1950, akatoroka mashambani, na miaka ya 1960 akafika Ziwa Naivasha. Kwetu hakuna barafu ya kumzuia mnyama wa namna hiyo. Sungura walioachiwa Australia mwaka 1859 walienea karibu kusini yote ya bara lile, lakini kaskazini kwenye joto na unyevu wa tropiki hawakushamiri. Tabianchi huweka mipaka, hilo halina ubishi.

Tatizo linakuja unapomfikia panya mweusi, yule wa darini. Asili yake ni Bara Hindi, na pwani yetu alifika zamani sana. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, mji wa biashara ya bahari wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Bara akaja na misafara, baadaye na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 na meli za ziwani. Mwaka 1902 tauni, ugonjwa hatari unaoenezwa na viroboto wa panya, ilizuka Nairobi, na wakubwa wa wakati ule wakachoma moto soko la Wahindi. Mnyama wa aina hii hafuati mvua peke yake. Anafuata magunia. Ndani ya paa la nyasi, juu ya jiko ambalo moshi wake unakausha mahindi ya mbegu, anaishi katika hali ya hewa ambayo haimo kwenye data za kituo chochote cha utabiri.

Nimekaa Arua vya kutosha kuyaona malori yakishusha mzigo. Mahindi na unga vinatoka Kampala, vingine vimetoka mbali zaidi, vimepita Karuma na daraja la Pakwach. Turubai likifunguliwa, wapagazi wanaanza na magunia ya juu, na hayo huwa safi. Ya chini kabisa ndiyo yenye matobo pembeni, na sakafuni pamebaki vinyesi vyeusi, vyembamba, vyenye ncha. Mara nyingine panya mwenyewe anaruka, vijana wanamkimbiza huku wakicheka, anaingia chini ya kibanda cha jirani. Mzigo uleule kesho unaweza kuwa Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, au njiani kuelekea Sudan Kusini. Ni mstari gani wa ramani ya mvua utakaokuonyesha hilo?

Kwetu West Nile suala hili linagusa uhai wa watu. Tauni haijaisha hapa. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, ile ya Entebbe, imefanya kazi ya tauni Arua kwa miaka mingi ikishirikiana na Wamarekani wa CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa. Waliyoyapata yananifanya niamini kwamba ubashiri unawezekana kabisa, ukitegemea kumbukumbu za hapahapa. Waligundua kwamba hatari ni kubwa zaidi katika vijiji vilivyo juu ya mita 1,300, kwenye miinuko yenye mvua inayoelekea mpaka wa Kongo, kuliko huku chini kwenye joto la bonde la Nile. Wakagundua pia kwamba mvua zinazotangulia msimu wa tauni zikiwa nyingi, wagonjwa huelekea kuongezeka, na mvua ikinyesha ndani ya kiangazi chenyewe, Desemba hadi Februari, wagonjwa huelekea kupungua. Maarifa haya yametoka kwenye orodha za wagonjwa wa zahanati, kijiji kwa kijiji, zikalinganishwa na mvua na mwinuko. Ramani ya dunia nzima isingeyaona.

Hapa wanakutana panya wa aina mbili. Mgeni, yule mweusi, analala ndani ya nyumba. Wenyeji, kama panya shamba, wanakaa mashambani na vichakani, na viroboto wanaweza kupita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine pale shamba linapogusa ua. Ukitaka kujua ongezeko la joto litafanya nini Zombo, huna budi kujua wote wawili wako wapi, kwa kiasi gani, na wanakutana mwezi gani. Ukimjua mgeni peke yake umeshika nusu ya habari.

Kosa la ramani lina gharama. Tuseme halmashauri ya wilaya imeambiwa kwamba eneo lake ni jekundu kwenye ramani, yaani la hatari, ikakimbilia kugawa sumu ya panya. Panya wakifa kwa wingi ndani ya nyumba zenye viroboto wenye tauni, viroboto wanamwacha maiti na kumtafuta mwenye damu ya moto aliye karibu, naye ni mtoto aliyelala sakafuni. Viroboto ndio wa kuanza nao, panya baadaye. Wazee wetu wanajua kwamba panya wakianguka wenyewe kutoka darini, mambo yameharibika, na ndiyo maana kuripoti vifo vya panya kijijini kumekuwa sehemu ya ufuatiliaji wa tauni huku. Sumu hiyohiyo inawapata pia bundi na paka, wanaotusaidia bila malipo. Na panya buku, ambaye ni mwenyeji halali wa Afrika, anauawa kwa kosa la jina tu.

Mwaka 2023 jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES, lilitoa ripoti yake juu ya viumbe vamizi: zaidi ya spishi 37,000 zimehamishiwa na binadamu mahali pasipokuwa pao, na hasara kwa mwaka 2019 ilizidi dola bilioni 423. Kusoma takwimu hizo kunanipa uchungu, kwa sababu najua mchango wa nchi yangu katika kuzihesabu ulivyo mdogo. Gunia lililotobolewa sokoni Arua, nani alilihesabu?

Ninachotaka si kigumu. Wahudumu wa afya wa vijiji, VHT, tayari wanazunguka nyumba kwa nyumba, na wengi wana simu. Panya aliyenaswa apigwe picha akiwa amelazwa kando ya rula, bila kushikwa kwa mkono mtupu, na simu irekodi mahali na mwinuko. Mkia ukizidi urefu wa kichwa na kiwiliwili kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa ni yule mweusi. Jike mwenye safu ndefu za chuchu, zinazoweza kufika 24, ni panya shamba. Picha ziende Makerere, kwenye benki ya taifa ya data za bayoanuwai, na nakala ibaki wilayani ambako uamuzi unafanyika. Wahudumu walipwe kwa kazi hiyo. Tumezoea kuwabebesha kila mradi kwa tisheti na soda, na data inayokusanywa na mtu mwenye njaa haidumu.

Ningeanzia sehemu tatu: miinuko ya Zombo, Pakwach kando ya mto, na maegesho ya malori hapa Arua mjini. Joto, mvua na biashara zinatofautiana kote kutatu. Misimu michache ya mvua ikipita tukiwa tunaandika, tutakuwa na cha kumpa mchoraji wa ramani, naye atakuwa na cha kutujibu.