Pai 115, wanaume 175

Mary Emma Showalter alipokuwa akikusanya mapishi ya akina mama wa kanisa la Kimennonite wa Marekani, kwa ajili ya kitabu kilichotoka mwaka 1950, alikuta katika daftari la zamani lililoandikwa kwa mkono orodha isiyofundisha kupika kitu chochote. Ni chakula cha siku moja ambayo majirani hukusanyika kusimamisha banda la shamba. Pai za limau 115. Maandazi 500. Keki kubwa 15. Kuku 16, hemu 3 za nguruwe, nyama ya ng'ombe ya kuoka ratili 50, skonzi 300, mikate 16, halafu mitungi ya viazi, ya viazi vitamu, ya achari, ya zabibu zilizochemshwa. Mwishoni imeandikwa kwamba chakula hicho kinatosha wanaume 175.

Kila ninapomsikia mtu akiwacheka wasomaji wa riwaya za Waamishi, wale Wakristo wa Marekani, ndugu wa Wamennonite, wanaosafiri kwa kigari cha farasi, orodha hii ndiyo inayonijia kichwani.

Mzaha wenyewe haujifichi. Riwaya hizi, ambazo majalada yake mengi yana binti mwenye kofia nyeupe ya kitambaa, shamba la ngano na kigari cha farasi, husomwa zaidi na wanawake walokole wa Marekani, na wengi wa wanaoziandika si Waamishi. Beverly Lewis ndiye aliyefungua mlango mwaka 1997 kwa The Shunning, yaani Kutengwa, kitabu kilichouza zaidi ya nakala milioni moja. Kufikia 2012, kwa hesabu ya Valerie Weaver-Zercher, aliyeandika kitabu kizima juu ya jambo hili, riwaya mpya ya aina hiyo ilikuwa ikitoka takriban kila baada ya siku nne. Wakosoaji wanaona hapo kiwanda cha ndoto: mama aliyechoshwa na simu, foleni na mkopo wa nyumba anajinunulia jioni mbili za shamba lisilo na umeme, kisha asubuhi anawasha gari kama kawaida. Vitabu vya mapishi wanavitupa kapu hilo hilo. Pai ya molasi, supu ya kuku na mahindi, siagi ya karanga iliyochanganywa na sharubati nzito ya sukari, inayopakwa kwenye mkate baada ya ibada: yote kwao ni mapambo.

Wana hoja, tena si ndogo. Waamishi wengi hawapendi kupigwa picha ya uso, lakini binti wa kwenye jalada anatazama kamera kana kwamba alizaliwa studio. Kaskazini mwa Indiana wanaume wengi wa Kiamishi hawalimi. Wanaingia alfajiri kwenye viwanda vya nyumba za kukokotwa na magari, na chakula chao cha mchana wamekibeba kwenye kikopo. Riwaya hazina hamu na kikopo hicho. Shule yao huishia darasa la nane, haki waliyoipata Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972, na binti anayetaka kuwa daktari ana mlima wa kupanda ambao hadithi ya mapenzi haiwezi kuupima. Kumekuwa pia na kesi za wasichana waliodhalilishwa nyumbani, wakaambiwa wasamehe na wanyamaze. Anayeandika kuhusu msamaha wa Waamishi bila kulikumbuka hilo anaandika nusu.

Ila kwa macho yangu hoja nzito kuliko zote ni ya imani. Katika riwaya nyingi za aina hii msichana anasongwa na sheria za kanisa, anapata andiko moja usiku, anaomba peke yake, na anaamka akiwa na uhakika wa mbingu. Sasa, kwa Mwamishi wa desturi za kale kusimama na kusema "nimeokoka, najua ninakokwenda" ni majivuno. Yeye husema ana tumaini lenye uzima, kwa maneno ya Petro, na hukumu anamwachia mwenye hukumu. Riwaya imemvika mlokole kofia ya Kiamishi ikamtembeza shambani. Watu wa Mara, Tanzania, hawahitaji kuelezwa sana tofauti hiyo. Wamisionari wa Kimennonite waliotoka Lancaster, Pennsylvania, wakafika Shirati, huko huko Mara, mwaka 1934, walitoka kwenye kanisa la mavazi yasiyo na mapambo na utii wa kimyakimya. Uamsho ulipoingia Shirati mwaka 1942 watu wakaanza kusimama kuungama dhambi zao hadharani na kushuhudia wokovu. Lugha hizo mbili za imani zimekaa benchi moja kwetu kwa zaidi ya miaka 80, na mara nyingi zimetazamana kwa jicho la pembeni.

Basi mkosoaji akisema vitabu hivi vinawasema vibaya Waamishi, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanza pale anapovuka kutoka kwenye kitabu kwenda kwa msomaji, akadhani kwamba kwa kuwa kitabu ni chepesi, aliyekishika naye ni mwepesi.

Mama yangu mkubwa, Musoma, alikuwa na riwaya mbili za namna hiyo, masalia ya sanduku la vitabu la wageni waliorudi kwao. Alizisoma polepole, kamusi ikiwa pembeni, huku akisonya. Kuhusu yule msichana mkuu wa hadithi alikuwa na neno moja: "Huyu anajisikia." Baadaye akafafanua. "Kanisa zima, mwenye mawazo ni yeye tu? Shangazi zake wote hawajawahi kufikiri?" Sijawahi kusoma uhakiki wa riwaya hizi uliogonga msumari vizuri kuliko huo. Bado alizimaliza zote mbili. Nilipomuuliza zilimshika kwa nini, hakutaja mapenzi wala farasi. Alitaja ukurasa ambao nyumba inaungua usiku na kabla hakujapambazuka uani kuna wanawake na masufuria, wala hakuna aliyepigiwa simu.

Hicho ndicho kinachosomwa. Wakosoaji wanatazama jalada. Msomaji amekwenda moja kwa moja jikoni. Na jikoni, pamoja na sukari yote ya mwandishi, kuna jambo ambalo si la kubuni. Waamishi wengi hawakati bima za makampuni. Sheria ya 1965 iliwaruhusu wale waliojiajiri wasichangie mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii, kwa sababu walisema mzee na mgonjwa ni mzigo wa ndugu na kanisa. Banda likiungua, fidia inafika kwa miguu, na nyundo mkononi. Ukiitazama orodha ya Showalter kwa mwanga huo (ya Wamennonite, sawa, lakini hawa ni ndugu wa shina moja na desturi ya kusimamisha banda ni yao wote) pai 115 hazibaki kuwa kitindamlo. Ndizo malipo ya bima. Mama fulani analipa ada yake kwa unga na mayai, leo kwa jirani, akijua kwamba siku ya moto wake wengine watawasha majiko. Anayeishi Dar es Salaam na kuchangia kikoba, harusi tatu na msiba mmoja kwa mwezi haoni ndoto hapo. Anaona hesabu anazozijua, kwa sarafu nyingine.

Nimeipiga hesabu hiyo zaidi ya mara moja. Maandazi ni karibu matatu kwa kila mwanamume. Pai ni kama mbili kwa kila wanaume watatu, nacho ni kipimo cha ukarimu hata kwa mtu aliyepanda juu ya paa tangu alfajiri. Kuku 16 wanaonekana wachache mpaka ukumbuke zile ratili 50 za nyama. Limau, huko Marekani kaskazini, halioti shambani, lilinunuliwa. Kumbe hata daftari la zamani lilijua duka. Na kila pai ina ukoko wa kusukumwa, ina mayai ya kupasua, ina muda wake ndani ya jiko la kuni lisiloingiza pai nyingi kwa mara moja. Ukifuata kila pai hadi jikoni kwake unafika jambo ambalo orodha haikulisema.

Nilimsomea mama mkubwa orodha hiyo, nikiitafsiri papo hapo. Alisikiliza mpaka wanaume 175. Akauliza, "Waliooka wangapi?"

Haikuandikwa. Wanaume wamehesabiwa, kuku wamehesabiwa, wanawake hawakuhesabiwa. Hapa mkosoaji anaweza kurudi na kusema: si nilikwambia? Jumuiya hii tamu imesimama juu ya migongo ya watu ambao haikuwaandika hata kwa idadi. Ni kweli, na nisingependa mtu auondoe ukweli huo kwa kusifu harufu ya mkate. Ila tazama nani aliyeuliza. Hakuuliza mwandishi wa makala ya kejeli, wala mimi niliyekaa na kalamu nikigawanya maandazi kwa vichwa. Aliuliza msomaji yule yule anayesemwa kuwa anadanganyika. Mwanamke aliyewahi kupikia msiba hasomi orodha ya chakula kama mapambo. Anaisoma kama zamu ya kazi, na jicho lake linakwenda penye pengo. Sioni sababu ya kuamini kwamba mlokole wa Ohio mwenye zamu yake ya kupika jikoni mwa kanisa anaisoma tofauti.

Kuna na meza yenyewe. Waamishi walipojitenga na ndugu zao mwaka 1693, kule Uswisi na Alsace, jambo mojawapo kubwa lililowagawa lilikuwa chakula: je, aliyetengwa na kanisa aketi meza moja na waumini au asiketi? Jakob Ammann alisema asiketi. Mpaka leo kuna nyumba ambamo aliyetengwa huwekewa meza yake, pengine sentimita chache tu kutoka meza ya familia, chakula kikitoka sufuria moja. Kwa hiyo meza inayosifiwa katika vitabu vya mapishi ndiyo hiyo hiyo inayoadhibu katika riwaya. Wakosoaji huitaja adhabu kana kwamba ni siri iliyofichwa nyuma ya ukarimu. Mimi naona ni kitu kimoja chenye nyuso mbili: kukosa kula pamoja kunauma tu pale ambapo kula pamoja kuna maana. Kwa mtu anayekula peke yake mbele ya televisheni kila siku, adhabu ya Ammann ingekuwa Jumanne ya kawaida. Hilo haliifanyi adhabu kuwa nzuri. Mama aliyemwekea mwanawe sahani kwenye meza ya pembeni miaka 20 hawezi kufarijiwa kwa uchambuzi wangu.

Riwaya hizi zimekosea zaidi, nadhani, pale zinapomfanya kila kijana aonekane yuko mlangoni anatoka. Mwaka 1900 Waamishi walikuwa kama 5,000. Leo wamepita 400,000, na ongezeko hilo halikuja kwa kubatiza wageni. Lilikuja kwa watoto wengi na kwa vijana ambao, zaidi ya wanane kati ya kumi, wakiwa watu wazima wa kujiamulia wanaomba ubatizo na kubaki. Kubaki hakuna mkasa, ndiyo maana hakuuziki. Mtu akitaka kujua Waamishi huandika nini wakiandikiana wenyewe, achukue The Budget, gazeti linalotoka Sugarcreek, Ohio, tangu 1890: barua juu ya barua, ibada ilikuwa kwa nani Jumapili, nani kavunjika mguu, mvua imefika wapi, wageni gani walilala. Aliyekua akisikiliza salamu za redioni, majina yakimiminika nusu saa nzima, anaijua ladha hiyo. Hakuna msichana mkuu. Yupo kila mtu, mstari mmoja mmoja.

Kwa sababu hiyo, kama ningelazimishwa kumpa mtu kitabu kimoja cha kumfahamisha watu hawa, ningeiacha riwaya na kumpa kitabu cha mapishi, hasa kile cha kukusanywa, ambacho chini ya kila pishi kuna jina la mama aliyelitoa. Riwaya inauliza msichana anataka nini. Kitabu cha mapishi kinauliza watakuja wangapi. Ila simlaumu aliyeanza na riwaya akafika jikoni kwa njia hiyo, maana wengi hufika hivyo.

Mama mkubwa naye alikuwa na daftari lake la misiba, lenye jalada gumu, limefungwa kwa uzi. Mchele kilo 60, sukari kilo 10, maharage debe moja na nusu, kuni mizigo mitano, masufuria ya kuazima saba. Upande wa kulia wa kila ukurasa kuna majina ya waliokuja kupika, na karibu na baadhi ya majina, kwa wino mwekundu, saa waliyofika.